Miaka saba haimkabidhi baba mtoto

Wanaume wengi wa Tanzania Bara wanaamini kwamba wazazi wakiachana, mtoto hukaa kwa mama hadi atimize miaka saba, kisha baba humfuata na kumchukua. Inasemwa vijiweni, inasemwa kwenye vikao vya ukoo, na hata wapatanishi wenye busara zao huitumia kutuliza ugomvi: "Vumilia tu, akifika saba ni wako." Sheria ya Ndoa haisemi hivyo. Sheria ya Mtoto nayo haisemi hivyo. Katika yote yanayopotoshwa kuhusu haki za baba, naliona hili kuwa baya kuliko mengine, kwa sababu humkalisha mwanamume mwenye nia njema akihesabu miaka, na miaka hiyo hiyo anayoihesabu ndiyo inayomdhoofishia kesi.

Tuanze na maneno yenyewe. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kumkabidhi mtoto kwa baba au kwa mama, na pakiwa na sababu za pekee hata kwa mtu mwingine. Jambo la kwanza kutazamwa ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo ndipo hakimu huzingatia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii wanayotoka. Kisha kifungu kinaweka dhana: kwamba ni kwa faida ya mtoto aliye chini ya miaka saba kuwa na mama yake. Dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Na sentensi haiishii hapo. Inaendelea kuitaka mahakama, inapoamua kama dhana hiyo ifuatwe, izingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha kutoka kwa mlezi mmoja hadi mwingine.

Mtoto akitimiza miaka saba, kinachokoma ni dhana ya kumpendelea mama. Haizaliwi dhana mpya ya kumpendelea baba. Wazazi wanasimama sawa mbele ya hakimu, na swali linabaki lile lile: mtoto huyu atakuwa salama na atakua vizuri akiwa wapi?

Sasa mfikirie baba aliyeachana na mwenzake mtoto akiwa na miaka miwili. Hakukimbia majukumu. Alituma pesa alipopata, alipeleka nguo za sikukuu, alimsalimia mtoto kwa simu. Hakwenda mahakamani kwa sababu aliambiwa asubiri. Miaka mitano baadaye anafungua maombi. Hakimu anamkuta mtoto aliyeanza shule Mbagala, mwenye marafiki mtaani, anayelala chumba kimoja na mdogo wake wa mama mmoja, anayemjua baba kama mgeni wa Idi au Krismasi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka hakimu huyo apime umri na jinsia ya mtoto, maoni yake kama ameyatoa kwa uhuru, faida ya ndugu kukaa pamoja, na umuhimu wa malezi kuendelea bila kukatika. Karibu kila kipengele hapo kitaegemea upande alikokaa mtoto kwa miaka mitano. Baba atatoka mahakamani akiamini ameonewa kwa sababu ni mwanamume, lakini kilichomwangusha ni ile miaka aliyoambiwa asubiri.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanamume aliyetengana na mzazi mwenzake ni kwamba asingoje. Hata kama mtoto ni mchanga na hana sababu ya kumtoa kwa mama yake, bado anaweza kuiomba mahakama amri ya kumwona na kukaa naye kwa vipindi. Sheria ya Mtoto inasema mtoto ambaye wazazi wake wametengana ana haki ya kumtembelea na kukaa na yule mzazi mwingine, isipokuwa pale mpango huo unapoingilia masomo yake. Haki hiyo imeandikwa kuwa ya mtoto, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Baba anayekwenda kuidai anasema kwa niaba ya mwanawe, na hakimu humsikiliza kwa sikio tofauti na lile analomsikilizia mtu anayedai kilicho chake.

Ipo hali nyingine ambayo naiona ikiongezeka na haijadiliwi ipasavyo. Mama anaondoka kwenda kufanya kazi za ndani Oman au nchi nyingine ya Ghuba, mtoto anabaki kwa bibi mzaa mama. Mama huyo hajamtelekeza mtoto. Amekwenda kumtafutia, na pesa anayotuma ndiyo inayolipa ada na kodi. Simlaumu hata kidogo. Lakini baba aliyeko Morogoro au Tanga, anayefanya kazi na aliye tayari kulea, anaambiwa mtoto ni wa kwa mama. Hapa ile dhana ya miaka saba imekosa miguu ya kusimamia, maana mtoto hayuko na mama yake. Sheria ya Mtoto inasema ni bora mtoto akae na wazazi wake, isipokuwa haki zake zinavunjwa nao mara kwa mara. Ndugu naye anaruhusiwa kuomba akabidhiwe mtoto, na bibi aliyemlea mjukuu tangu anatambaa ana hoja nzito. Hata hivyo baba asijione hana pa kusimama. Aende, aeleze, na awe tayari kupendekeza mpango unaomwacha bibi ndani ya maisha ya mtoto, kwa sababu hakimu atataka kujua mtoto anapoteza nini kwa kuhama.

Hayo ni ya upande wa baba kutojua sheria. Upo pia upande wa sheria yenyewe, na hapo nina ugomvi nayo.

Sheria ya Mtoto, kama ilivyopitishwa mwaka 2009, inaielekeza mahakama inapotoa amri ya malezi au ya kumwona mtoto izingatie maslahi ya mtoto pamoja na umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake. Umuhimu wa kuwa na baba yake haukuandikwa. Ukigeukia Sheria ya Ndoa, kifungu cha 129 kinasema ni wajibu wa mwanamume kuwatunza watoto wake, awe anakaa nao au wako kwa mtu mwingine. Wajibu wa mama unaingia pale baba amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Vifungu hivyo viwili ukivisoma kwa mfululizo unapata picha ya familia ambamo mama ni mlezi na baba ni mfuko. Mwanamume anayekuzwa na sheria ya namna hiyo atajifunza nini kuhusu ubaba? Atajifunza kwamba akilipa amemaliza, na kwamba asipokuwa na pesa hana sababu ya kwenda kumwona mwanawe.

Najua maneno hayo yaliandikwa kwa sababu gani. Bunge la mwaka 1971 lilikuwa linamwokoa mama katika jamii ambazo mtoto alihesabiwa kuwa mali ya ukoo wa baba, na mwanamke aliyeachwa aliondoka na nguo zake tu. Hadi leo, ukikaa nusu siku kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yoyote, watu utakaowakuta kwenye benchi wakisubiri kusikilizwa wengi wao ni akina mama wenye watoto mgongoni, wakidai matunzo kwa wanaume wasiopokea simu. Anayetaka kuondoa upendeleo kwa mama bila kuhakikisha matunzo yanalipwa atakuwa amewaumiza watoto wale wale anaodai kuwatetea. Ninachoomba ni kidogo zaidi: andikeni umuhimu wa mtoto kuwa na wazazi wake wote wawili, na wajibu wa kumtunza uwe wa wote wawili kwa kadiri ya kipato cha kila mmoja.

Majirani zetu wameshafika huko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya malezi na ulinzi wa wazazi, ukiwemo wajibu sawa wa mama na baba, wawe wameoana au hawajaoana. Mei 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alitamka kuwa kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kinapingana na Katiba, kwa kuwa kilizuia jina la baba ambaye hajamwoa mama lisiandikwe kwenye usajili mpaka wazazi wote wawili waombe kwa pamoja. Aliyefungua kesi ile alikuwa mama. Alitaka nafasi iliyoachwa wazi kwenye cheti cha mwanawe ijazwe. Kisha mwaka 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto, inayosema wazazi wana wajibu sawa kwa mtoto na hakuna mwenye haki kubwa kuliko mwenzake, mtoto awe amezaliwa ndani au nje ya ndoa. Mahakama za Kenya bado hukabidhi watoto wengi wadogo kwa mama zao, kwa sababu ndizo nyumba walizozizoea. Kilichobadilika ni mahali anapoanzia baba: haanzi tena kwa kujieleza kwa nini yupo pale.

Kwetu, baba asiyeoa ana historia ndefu ya kusimama mlangoni. Tangazo la Serikali Namba 279 la mwaka 1963, lililokusanya sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, lilimweka mtoto wa nje ya ndoa upande wa mama. Baba aliyetaka kumhalalisha mtoto bila kumwoa mama yake alitakiwa kulipa shilingi 100 kwa baba wa msichana, na alipe kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Akichelewa, basi. Shilingi mia haina thamani leo, lakini fikra iliyo nyuma yake ingali hai. Wapo wazee wanaomdai kijana "faini" kabla hajaruhusiwa kumwona mtoto, na wapo vijana wanaoamini wakishalipa faini hiyo wamemnunua mtoto na mama hana tena la kusema. Wote wawili wanakosea.

Njia ya kisheria ipo, na ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Mtoto inaruhusu maombi ya kutambuliwa mzazi yafunguliwe na mtoto mwenyewe, na mzazi, na mlezi, au na afisa ustawi wa jamii. Mtu mwingine mwenye maslahi anaweza pia kwa ruhusa ya mahakama. Yaani baba naye anaruhusiwa kwenda kusema "huyu ni wangu, nitambueni", hata kama tumezoea kuona kesi hizi zikifunguliwa na mama dhidi ya mwanamume anayekana. Maombi yanaweza kufunguliwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3 baada ya mzazi kufariki, jambo linalowahusu wale watoto wanaotambulishwa siku ya msiba na kuambiwa hawana mahali. Mtoto akishatimiza miaka 18, ruhusa ya mahakama inahitajika.

Ushahidi wa uzazi nao si DNA peke yake. Mahakama hutazama jina lililoandikwa kwenye daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, na kama mwanamume alimkiri mtoto hadharani. Kijana aliyekwenda na wazee wake kujitambulisha, akalea mimba, akalipa hospitali na kumpa mtoto jina la babu yake, ana mengi mkononi kabla hajafika kwa mkemia wa kupima DNA. Tatizo ni kwamba hayo yote hufanyika kwa mdomo. Ndiyo maana nasema jina la baba liingie kwenye cheti cha kuzaliwa mapema, wakati wazazi bado wanaongea vizuri. Wakishagombana, karatasi hiyo hupatikana kwa taabu, na mtoto anaweza kuanza shule akiwa na ubini wa mjomba wake.

Kuhusu DNA nitasema zaidi kidogo, kwa sababu kwenye mitandao imegeuka silaha ya kutishana. Vipimo hivi vinasimamiwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na maabara yetu kuu ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu hajiendei tu na mtoto mkononi akaomba apimwe. Maombi hupitia kwa mamlaka inayotambuliwa na sheria, kama mahakama au ofisi ya ustawi wa jamii, na wahusika huchukuliwa sampuli kwa utambulisho unaoeleweka. Wanaume wengi hulalamika kwamba utaratibu huu unawafungia mlango. Mimi nauunga mkono. Majibu ya kipimo yanaweza kumwondolea mtoto baba katika dakika moja, na mtoto huyo hakuuliza swali lolote. Unywele uliookotwa kwenye kitana na kupelekwa kimyakimya pahali fulani hautamsaidia baba mbele ya hakimu, kwa sababu hakuna wa kuthibitisha umetoka kwenye kichwa cha nani.

Kwa waliooana kuna jambo jingine la kujua. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamchukulia mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika mama akiwa hajaolewa tena, kuwa ni mtoto halali wa mume, mpaka ithibitishwe kuwa wanandoa hawakuwa na nafasi ya kukutana wakati mimba ilipotungwa. Kanuni hiyo ni ya kale kuliko maabara, na ilitungwa ili mtoto asiachwe bila baba kwa sababu ya uvumi. Mwanamume mwenye shaka ya kweli ana haki ya kuuliza, na naamini mahakama isimnyime kipimo pale alipoweka msingi wa shaka yake. Lakini aulize mapema. Mtu aliyemlea mtoto miaka tisa, akamfundisha kuendesha baiskeli, akasaini ripoti zake za shule, kisha akadai DNA siku mama alipofungua madai ya matunzo, anaiweka mahakama mahali pagumu sana, na mtoto pagumu zaidi.

Matunzo na kumwona mtoto huchanganywa kila siku, na uchanganyaji huo huvunja nyumba zilizokwisha vunjika. Mama anasema: hujatuma pesa miezi mitatu, humwoni. Baba anasema: hunipi mtoto wikiendi, situmi pesa. Kisheria haya ni madai mawili yanayosimama kila moja kwa miguu yake. Anayenyimwa kumwona mtoto aendelee kulipa na afungue maombi. Asiyelipwa aende ustawi au mahakamani, lakini mlango wa mtoto usifungwe. Baba anayeendelea kulipa huku ananyimwa anajijengea ushahidi bora kuliko wakili yeyote anavyoweza kumtungia: ujumbe wa miamala ya simu wenye tarehe na kiasi, risiti za ada, kadi ya kliniki yenye jina lake. Pesa taslimu anayopewa mama mlangoni bila maandishi, hakimu hana namna ya kuiona. Na asithubutu kumchukua mtoto shuleni kwa ujanja. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu aliye na uangalizi halali, na tendo hilo moja linaweza kufuta wema wa miaka.

Zanzibar Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, na kwa Waislamu wa huko kesi za ndoa, talaka na malezi ya watoto huenda mahakama za kadhi. Kwa madhehebu ya Shafii, mama ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumlea mtoto hadi afikie umri wa kupambanua mambo, unaokadiriwa kuwa miaka saba, na matumizi ya mtoto yako juu ya baba muda wote. Pengine imani ya miaka saba imepata nguvu kutoka huku. Hata hivyo, katika madhehebu hayo hayo mtoto akifika umri huo huulizwa anamtaka nani kati ya wazazi wake. Baba aliyekuwa mbali naye tangu ananyonya ataulizwa swali hilo mbele ya mtoto asiyemjua.

Kwa aliyeamua kwenda, milango ni hii. Kama kuna shauri la talaka, suala la watoto huamuliwa humo humo, na kabla ya talaka kwa kawaida lazima kupita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Kama hakuna ndoa, au hakuna talaka inayodaiwa, maombi ya uzazi, malezi na matunzo hupelekwa Mahakama ya Watoto. Wakazi wa Dar es Salaam wana pia Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kule Temeke. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo asiogopeshwe na mtu kwamba bila Kiingereza hataeleweka.

Na maombi yenyewe yasiishie kwenye "naomba nimwone mtoto wangu." Amri inayosema baba amwone mtoto "kwa nyakati zinazofaa" ni chanzo cha ugomvi mpya kila Ijumaa. Aombe siku zitajwe: wikiendi zipi, saa ngapi anamchukua, nani anamrudisha, likizo ya Juni na ya Desemba zinagawanywaje, sikukuu ni za nani mwaka huu na mwakani. Aombe apate ripoti za shule moja kwa moja kutoka kwa mwalimu, aarifiwe mtoto akilazwa, na aruhusiwe kuongea naye kwa simu jioni fulani za wiki. Kama anahofia mtoto kuvushwa mpaka, aombe mahakama izuie asitolewe nchini bila idhini. Mtoto wa miaka miwili anahitaji ratiba fupi ya mara kwa mara, pengine saa chache nyumbani kwa bibi mzaa baba. Wa darasa la tano anaweza kulala siku kadhaa. Amri za malezi hazifungwi milele, na mzazi anayeona hali imebadilika, awe baba au mama, anaruhusiwa kurudi mahakamani kuomba ibadilishwe.